Pweza hajipalii makaa

Ndoo ilikuwa ya rangi ya ukutani, ile ya lita ishirini inayobaki fundi akishamaliza kazi. Mwenye ndoo, bibi mmoja wa Msanga Mkuu, ng'ambo ya feri ya Mtwara, alikuwa ametoka mwambani, khanga imelowa mpaka kiunoni na mchokoo, kijiti chake cha kuchokolea pweza, bado kwapani. Ndani mlikuwa na pweza wawili. Mmoja alishamkata kwa sababu jirani alitaka nusu. Kipande cha mnyiri, yaani mkono wa pweza, urefu wa kiganja na nusu, kilikuwa kinapanda ukuta wa ndoo. Kinapanda kweli: kinyonyeo kimoja kinashika, cha pili kinashika, ncha inapapasa ukingoni kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Mjukuu wake wa miaka sita hivi akatia kidole. Mnyiri ukakizonga. Mtoto akapiga ukelele, sisi wakubwa tukacheka.

"Mwenyewe ameshakufa, mume wangu," bibi akamwambia mjukuu wake huku akivibandua vinyonyeo kimoja kimoja. "Mikono ndiyo haijapata habari."

Tangu siku hiyo nimesoma mengi ya wanabiolojia juu ya pweza, na bado sijakutana na aliyelisema jambo hilo kwa ufupi na kwa usahihi kama yule bibi.

Kiswahili kina msemo wake wa siku nyingi juu ya mnyama huyu. Mtu akijiletea balaa mwenyewe tunasema amejipalia makaa kama pweza. Msemo umetoka jikoni. Pweza akiwekwa juu ya moto, minyiri hujikunja kuelekea ndani, na ikijikunja hukokota makaa ikayaleta mwilini. Mtu wa kale akatazama, akaona mnyama anayejiongezea moto, akamfanya mfano wa mjinga. Nadhani aliyetunga msemo huu alikuwa na macho makali na hukumu mbovu. Macho yalikuwa makali kwa sababu aliona kuwa minyiri ya pweza ina mambo yake, haingoji amri. Hukumu ilikuwa mbovu kwa sababu aliyelazwa juu ya makaa ni maiti, na maiti hajipalii kitu. Sehemu kubwa ya kule kujikunja ni nyama tu: moto ukiigusa, kolajeni iliyomo husinyaa na kuuvuta mnyiri. Lakini aliyewahi kushika pweza aliyetolewa majini saa hiyohiyo anajua kuwa kuna kitu kingine zaidi ya nyama kusinyaa. Mnyiri uliokuwa ndooni haukuwa karibu na moto wowote.

Tuanze na hesabu. Pweza wa bahari za Ulaya, aliyechunguzwa kuliko wenzake wote, ana seli za neva zipatazo milioni 500. Panya mdogo wa nyumbani, tunayemlaani kila siku kwa ujanja wake, ana kama milioni 70 tu ubongoni. Ila milioni 500 za pweza hazikai mahali pamoja. Theluthi mbili zimo ndani ya minyiri minane, zimepangwa kwa mafundo kufuata vinyonyeo toka shinani hadi nchani. Theluthi iliyobaki ndiyo iliyo kichwani, nyingi zikihudumia macho, na ubongo wenyewe umekaa kama pete kulizunguka koo. Kila tonge analomeza hupita katikati ya ubongo. Ukisikia mtu analalamika kwamba chakula kimempanda kichwani, mwambie kuna mnyama ambaye kwake hilo ni jambo la kila siku.

Mwaka 2001 watafiti wa Jerusalem, wakishirikiana na wenzao wa Naples, walichukua mkono wa pweza uliotenganishwa na ubongo, wakaushtua kwa umeme kidogo. Mkono ukajinyoosha kwa mwendo uleule anaoutumia pweza mzima akiwinda, mkunjo ukisafiri kutoka shinani kwenda nchani. Maana yake ubongo ukishasema "fika pale", hauna haja ya kusimamia kila msuli. Mkono unajua wenyewe namna ya kufika. Mwaka 2014 kundi hilo la Jerusalem likaja na swali ambalo mtoto yeyote wa pwani angeuliza: mnyama mwenye mikono minane iliyojaa vinyonyeo, kila kinyonyeo kikishika chochote kinachokigusa, mbona hajinasi mwenyewe? Wakaona kuwa mkono uliokatwa, ambao huendelea kuchezacheza kwa muda wa saa nzima hivi, hushika kila kitu isipokuwa ngozi ya pweza. Ukiupa mkono mwenzake uliochunwa ngozi, unaushika. Ukiupa wenye ngozi, unauacha. Kemikali fulani iliyo kwenye ngozi inauambia: huyu ni wetu.

Mtunga msemo angeyajua hayo angeona maajabu. Mnyiri ule unaokokota makaa una sheria yake juu ya nini cha kushika na nini cha kuacha, na sheria hiyo inafanya kazi hata mwenye mwili akiwa hayupo tena.

Yule bibi naye anazo sheria zake. Siku ya bamvua, maji yakikupwa mpaka mwamba ukabaki uchi, anatembea ameinama na hatazami mashimo, anatazama milango ya mashimo. Pweza akila kaa au chaza hutupa makombo nje, kwa hiyo shimo lenye mwenyewe lina jalala: magamba ya kaa, makombe yaliyofunguka, meupe bado, hayajaota kitu. Jalala la zamani limeshika ukijani, hilo analipita. Wakati mwingine mlango umezibwa kwa vijiwe vilivyopangwa kwa namna ambayo mawimbi hayawezi kupanga. Akilipata shimo lenyewe hachomi. Anausogeza mchokoo taratibu mpaka ndani, anautikisa kidogo, kisha anangoja.

"Ngoja akuonje," alinieleza.

Nilidhani ni namna ya kuzungumza tu. Kumbe ndiyo biolojia yenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza kwamba seli zilizo ukingoni mwa vinyonyeo vya pweza zina vipokezi vinavyoonja kwa kugusa, vyenye uwezo wa kutambua kemikali ambazo haziyeyuki vizuri kwenye maji bali zimeganda juu ya vitu. Pweza anapoingiza mkono kwenye tundu asiloliona ndani, anaramba tundu zima kwa mamia ya ndimi. Anapoushika mchokoo wa bibi anauonja, na bibi anausikia kwenye kiganja ule mvuto mdogo kabla hajavuta. Wawili hao wanapimana kwa kijiti kimoja, kila mmoja akijaribu kumjua mwenzake bila kumwona. Ninaposikia watu wa mjini wakisema akina mama hawa "wanaokota" pweza, nashangaa neno hilo limetoka wapi. Nenda ukaokote wewe.

Habari ya rangi wengi wetu tunaijua kwa kuiona. Pweza akikaa juu ya mwamba wa kahawia ni wa kahawia, akipita kwenye majani ya bahari ni mwenye mabaka, ukimkasirisha anaiva mwekundu kama aliyetukanwa mama. Ngozi ina maelfu ya vifuko vya rangi, kila kimoja kimezungukwa na misuli midogo inayokivuta kikatanuka au kukiachia kikanywea, na misuli hiyo inaendeshwa moja kwa moja na neva; ndiyo maana mabadiliko yanakuja kwa kufumba na kufumbua. Tena ngozi yenyewe huinuka ikafanya vipele na pembe kufuata umbo la mwamba. Kisichojulikana sana ni kwamba jicho la pweza lina aina moja tu ya seli za kupokea mwanga. Sisi tunazo aina tatu, na ndizo zinazotutofautishia nyekundu na kijani. Kwa kipimo hicho pweza haoni rangi. Fundi rangi huyu, bingwa wa baharini, anajipaka rangi asizoziona. Mwaka 2015 watafiti wa California walionyesha kuwa ngozi ya aina moja ya pweza, hata ikitengwa na mwili, huhisi mwanga na kutanua vifuko vyake. Yaani ngozi nayo ina namna yake ya kuona, kama vile mkono una namna yake ya kufikiri.

Mengine nitayapita haraka. Ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia na mmoja wa mwili mzima, na huo wa mwili husimama anapoogelea kwa kujirusha. Ndiyo maana hupendelea kutambaa. Damu yake ina shaba badala ya chuma, kwa hiyo ni ya buluu. Hana mfupa hata mmoja. Kigumu mwilini mwake ni mdomo tu, uliopinda kama wa kasuku, na tundu likiupitisha mdomo, mwili wote unapita. Mwaka 2016 pweza aliyeitwa Inky alitoka kwenye tangi lake katika jumba la viumbe wa bahari mjini Napier, New Zealand, usiku, mfuniko ukiwa umeachwa wazi kidogo, akavuka sakafu na kuingia kwenye bomba la maji linaloelekea baharini. Hajarudi. Na wale wanaomkumbuka Pweza Paul wa Ujerumani, aliyebashiri mechi nane za Kombe la Dunia la 2010 akapatia zote nane: huyo alikuwa akichagua kati ya maboksi mawili, yote yenye chakula. Kama kuna mnyama asiyehitaji kusingiziwa uganga ili astaajabiwe, ni huyu.

Linalonishughulisha zaidi ni ukoo wake. Pweza ni ndugu wa konokono, chaza na kome. Mara ya mwisho yeye na sisi kuwa na babu mmoja ilikuwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na babu huyo alikuwa kama mnyoo, hana ubongo wa kutajika. Akili ya mbwa, ya tembo, ya kunguru na ya mtu zina msingi mmoja, uti wa mgongo wenye kichwa juu yake. Akili ya pweza ilianza upya kabisa, kwenye ukoo wa konokono, kwa ramani nyingine. Ni kama mafundi wawili ambao hawajawahi kuonana, mmoja Newala mlimani na mwingine baharini, kila mmoja amechonga mlango, na milango yote miwili inafunguka.

Na pweza huyu wa kwetu, anayejulikana kwa jina la kisayansi Octopus cyanea, ana sifa yake ya pekee. Wengi katika ukoo wake huwinda usiku. Yeye hutoka mchana. Huwinda na samaki. Utafiti uliofanyika Bahari ya Shamu na kuchapishwa mwaka 2024 ulifuatilia kwa kamera makundi ya pweza wa aina hii wakiwinda pamoja na samaki wa aina mbalimbali, wakiwemo mkundaji na chewa. Ikaonekana kuwa katika kundi kuna mgawanyo: mkundaji ndiye hutangulia kupeleleza na kulivuta kundi upande fulani, lakini pweza ndiye huamua kama kundi liondoke au litulie, kwa sababu mikono inayoweza kuingia mashimoni ni yake. Chewa, ambaye hupenda kukaa kwa kuvizia na kula jasho la wenzake, hupigwa ngumi. Namaanisha ngumi: mnyiri mmoja hukunjwa na kurushwa, samaki akasogea. Mapema zaidi, mwaka 2013, watafiti wengine walieleza jinsi chewa anavyosimama kichwa chini mkia juu, mbele ya tundu lenye kitoweo kilichojificha, kumwonyesha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, au pweza pa kuingia. Mkunga naye akipata nafasi humla pweza, kwa hiyo usidhani kuna undugu hapo. Ni ubia wa kikazi, wenye kusukumana, kama wa watu wanaovuta juya pamoja na kugombania mgawo mchangani.

Kuna kisa kingine ambacho mtu wa Lindi au Mtwara atakielewa upesi kuliko msomaji wa Ulaya. Mwaka 2009 watafiti waliokuwa wakipiga mbizi Indonesia waliripoti pweza wa aina ndogo anayekusanya vifuu vya nazi vilivyotupwa baharini. Huvipanga kimoja ndani ya kingine, huvikalia kama kuku, hunyoosha minyiri pembeni na kuondoka navyo akitembea kwa shida, huku vikiwa havimkingi na chochote njiani. Akifika mchanga mtupu usio na pa kujificha, huvikutanisha vifuu viwili akajifungia ndani. Kubeba mzigo leo kwa ajili ya hatari ya kesho ni jambo tulilodhani ni la wenye kwapa na mabega. Sisi vifuu hivyohivyo tunavitia moto, na makaa yake ni matamu sana kwa kuchomea pweza.

Sasa niseme lililonisumbua. Akili yote hii haina mrithi. Kusini huku mtoto hatolewi hivihivi aende akaishi; kuna jando, kuna unyago, kuna babu wa kukaa naye na bibi wa kumtania. Mtoto wa mtu akifika miaka kumi na tano ameshapewa ujuzi ambao hakuuvumbua. Kwa pweza hakuna aliyefundwa. Jike hutaga mayai mara moja tu maishani, makumi ya maelfu na zaidi, akayatundika kama vichane vya punje za mpunga kwenye dari ya shimo lake. Anaziba mlango kwa mawe. Kuanzia hapo hatoki. Anayapapasa mayai kwa vinyonyeo kuyasafisha, anayapulizia maji yapate hewa, na hali. Mwezi unapita, au zaidi maji yakiwa baridi. Anakonda, ngozi inapauka, na mayai yanapoanguliwa yeye yuko ukingoni mwa kifo au ameshafika. Watoto, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele au chini ya hapo, wanachukuliwa na maji kabla hawajamwona mtu wa kwao. Pweza aishipo miaka miwili amezeeka. Kila unayemkuta shimoni amejifunza mwamba mzima peke yake, toka alifu, katika miezi ambayo mtoto wetu bado anajifunza kukaa.

Njaa ile ya mama si bahati mbaya. Mwaka 1977 Mmarekani Jerome Wodinsky aliwatoa majike waliokuwa wakilalia mayai tezi mbili ndogo zilizo nyuma ya macho. Wakayaacha mayai, wakaanza kula tena, wakaishi miezi zaidi. Kumbe mwili wenyewe ndio unaotoa amri ya kufa. Dume naye hana afadhali. Akimaliza msimu wake wa kupanda hudhoofika, hutangatanga mwambani bila kujificha, na kufa. Nawaomba vijana wa pale kwenye vibanda vya supu walifikirie hilo kidogo. Supu ya pweza ni tamu, ina pilipili na ndimu na protini ya kutosha, nami naipenda kuliko ninavyokubali hadharani. Ila kumtafutia nguvu za kiume mnyama ambaye tendo hilo ndilo linalomuua, ni kukosea mshenga.

Sijaandika haya ili watu waache kula pweza. Uingereza iliwaingiza pweza kwenye sheria yake ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2022, kwa kukubali kwamba wanahisi maumivu, na nadhani wamesema kweli. Sheria yao hiyo haimgusi bibi wa Msanga Mkuu. Lakini yeye akimtoa pweza shimoni humgeuza kichwa ndani nje kwa mkupuo mmoja, na kwisha. Nimeona kwingine pweza wakiachwa hai juani kwenye gunia, saa na saa, kwa kuwa mnunuzi hajafika. Kati ya njia hizo mbili sihitaji sheria ya Uingereza kunichagulia.

Biolojia yake ina kazi nyingine hapa kwetu, nayo ni ya mfukoni. Zamani pweza alikuwa kitoweo cha nyumbani, cha akina mama na watoto wanaotembea mwambani maji yakipwa. Kuanzia miaka ya 1990 wanunuzi wa kupeleka Ulaya wakaingia, bei ikapanda, na bei ilipopanda wanaume wakagundua kwamba nao wanampenda pweza. Wakaja na miwani ya kuzamia na mapezi. Mwamba wa chini, ambao mguu wa mama haukuwahi kuufikia, ulikuwa bila kupangwa na mtu yeyote ndiyo wodi ya wazazi: majike makubwa hushuka kina kirefu kwenda kutagia huko. Miwani imeifungua wodi. Martin Guard na Yunus Mgaya walipochapisha mwaka 2002 uchunguzi wao wa uvuvi wa pweza Tanga, Mafia na Mtwara, mabadiliko hayo yalikuwa yameshaanza kuonekana. Kanuni za uvuvi za Bara zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Kanuni nzuri, ila mizani iko sokoni na pweza yuko shimoni, na hakuna anayemrudisha baharini pweza aliyekwisha kugeuzwa kichwa.

Kinachofanya kazi ni kuufunga mwamba kwa muda. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu moja kwa miezi kadhaa. Walipoifungua wakakuta pweza wakubwa, na vijiji vya jirani vikaiga. Wazo hilo limefika na pwani yetu. Haliwezi kufanya kazi kwa kila samaki. Chewa huchukua miaka kukua, na tumbo la mtu halingoji miaka. Pweza ana haraka: yule wa nusu kilo leo, ukimwacha miezi mitatu, si wa kubebwa kwa mkono mmoja. Ufupi ule wa maisha niliousikitikia hapo juu ndio unaomlipa mvuvi.

Ukweli kuhusu watoto umekaa vingine, na nadhani wanaohubiri kufunga mwamba huuruka. Mkondo wa bahari unaotoka mashariki hugonga bara karibu na Rasi ya Delgado, ng'ambo kidogo ya mpaka wetu na Msumbiji, ukagawanyika, na tawi moja hupanda kaskazini kupita Mtwara, Lindi na Kilwa. Watoto wa pweza huelea kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Kwa hiyo Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara, ikifunga mwamba wake, uzito utaongezeka Msimbati, ila watoto wengi wanaweza kutua mbali kaskazini, kwa watu ambao hawakufunga kitu. Mwenye busara atawaambia watu wa Msimbati ukweli huo mapema: mtalipwa kwa kilo, watoto mnatoa sadaka. Wakisikia kinyume chake halafu wasione watoto, mara ya pili hawatafunga.

Na siku ya kufungua je? Hapo ndipo nilipo na ugomvi. Akina mama ndio wanaokaa nyumbani miezi mitatu bila kitoweo, kwa sababu mwamba unaofungwa kwanza ni ule wa miguu, ulio karibu na unaolindika. Wazamiaji wanahamia kwingine na mtumbwi wao. Siku mwamba unapofunguliwa, mitumbwi inarudi, miwani inashuka kabla maji hayajapwa sawasawa, na mama akifika na mchokoo wake anakuta majalala na mashimo matupu. Sioni ugumu wowote wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali, hizi BMU zetu, kuamua kuwa bamvua ya kwanza baada ya kufungua ni ya wanaotembea, na miwani ingoje siku tatu. Maji yenyewe yana ratiba, haihitaji hata karatasi.

Nilimpelekea yule bibi hoja yangu ya wodi ya wazazi. Akanisikiliza huku akimpiga pweza wa pili juu ya jiwe ili alainike, mapigo ya taratibu, akihesabu kimoyomoyo. Nikamuuliza kama anaweza kulijua shimo lenye mayai kabla ya kulivunja.

"Najua," akasema. "Mawe yamejaa mlangoni, na ukitia mti haushikwi. Wa kawaida anauvuta. Mwenye mayai anausukuma nje."

"Na ukisukumwa unafanyaje?"

Akampiga yule pweza mara tatu nne zaidi kabla ya kujibu.

"Mwezi uliopita nilisukumwa, nikamwacha. Lakini siku hiyo nilishapata wawili." Akamtupia ndooni, akasuuza mikono. "Ningekuwa sijapata, mwanangu, nisikudanganye."